Hasara ni ya nani? Namna ya kulinda mali kwa njia ya halali

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Somo letu la Ijumaa ya leo linahusu jambo linalogombanisha Waislamu sokoni, na hata ndani ya nyumba zao: mali ikipotea, hasara ni ya nani?

Tuchukue mfano. Mama mjane ana dola 1.000. Anampa kijana wa ukoo wake afanye nazo biashara kati ya Bukavu na Goma. Kijana anamwambia: "Mama mdogo, usiwe na hofu. Kila mwisho wa mwezi nitakuletea dola 100, na mali yako haitapotea." Miezi minne analeta dola 100 bila kukosa. Mwezi wa tano upepo unaipiga boti katikati ya Ziwa Kivu, na mizigo yote inakwenda chini ya maji. Kijana anaokoka, mikono mitupu. Mama anadai dola zake 1.000, pamoja na 100 za mwezi ule. Kijana anajibu: "Hii ni qadari ya Mungu, mimi nifanye nini?" Ukoo unagawanyika makundi mawili. Idi inafika, na hawa wawili hawatembeleani.

Ndugu msomaji, ungewaamua vipi? Shika swali hili mkononi, tutalirudia.

1. KUJIKINGA SI KUKOSA IMANI

Wako watu wanaosema: "Mimi namtegemea Mungu tu, sina haja ya kuandika wala ya mashahidi." Huko si kutegemea, huko ni kupuuza. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Soma Suratu Yusuf uone. Nabii Yaqub (A.S.) aliwausia wanawe wasiingie mjini kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Kisha akawaambia papo hapo kwamba yeye hawezi kuwakinga na lolote alilolipanga Mwenyezi Mungu, na kwamba kwake Yeye ndiko kutegemea. Tahadhari na tawakkul vimetoka katika kinywa kimoja, kwa wakati mmoja. Na katika sura hiyo hiyo Nabii Yusuf (A.S.) alihifadhi mavuno ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida.

Sisi tunaokaa upande huu wa nchi hatuhitaji mtu wa kutueleza kuwa mali inapotea. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma. Mtu aliamka asubuhi na depo yake, akalala jioni bila kitu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatoka tena. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wakiwa wanaiona kutoka ufukweni. Mwaka 2025, tangu mwisho wa Januari, mabenki ya Goma yalifungwa, na mwenye akiba akakosa pa kuichukua pale mjini. Wazee nao watakuambia habari za Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zilipofutwa ghafla, na za mwaka 1993, zaire milioni 3 zilipogeuzwa kuwa zaire mpya moja.

Basi hatari iko. Sheria ya Uislamu haikuja kutuambia haipo. Imekuja kutufundisha nani aibebe, na kwa kiasi gani.

2. MILANGO MITATU ILIYOFUNGWA

Wa kwanza ni RIBA. Mtu anakukopesha dola 100 na anataka 150, iwe umepata au umekosa. Wewe unabeba upepo, wezi, kodi na ugonjwa. Yeye habebi kitu. Mtaani watu wanauita mkopo huu Banque Lambert. Jina lolote utakalolipa, nyongeza iliyosharitiwa juu ya mkopo ni riba, na katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ametangaza vita juu ya wasioiacha.

Wa pili ni GHARAR, yaani kuuziana kitu kisichojulikana kama kitapatikana, au kitakuwaje. Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya namna hii. Mvuvi asikuuzie sambaza ambao bado wako ziwani. Na mwenye mzigo ungali njiani kutoka Dar es Salaam asiwauzie watu katoni ambazo hajazipokea.

Wa tatu ni MAISIR, yaani kamari: kuweka pesa ili mmoja ale ya wengine kwa bahati tu. Na iko kamari inayovaa koti la biashara. Wenye umri wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa. Watu walipeleka akiba zao kwa ahadi ya kurudishiwa mara nyingi zaidi baada ya muda mfupi. Hapakuwa na shamba wala kiwanda. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliokuja nyuma, na mwaka 1991 mchezo ukaanguka, watu wakabaki wanalia. Leo michezo ya namna hiyo inakuja kwa simu. Ukiahidiwa faida kubwa, ya hakika, ya haraka, uliza: "Bidhaa iko wapi? Nani anabeba hasara?" Usipopata jibu, rudi nyumbani na pesa yako.

Angalia sasa milango hii mitatu ina nini pamoja. Katika riba, mmoja anashika faida na kumwachia mwenzake hatari yote. Katika gharar, wanaingia gizani bila kujua hatari ni kiasi gani. Katika kamari, hatari yenyewe ndiyo bidhaa. Kinyume chake ndio msingi wa somo letu: FAIDA INAFUATANA NA DHAMANA. Mtume (S.A.W.) amekataza faida ya kitu ambacho hakijaingia katika dhamana yako. Asiyekubali kubeba hasara hana haki ya kudai faida.

3. SHARTI ZA HAKIM BIN HIZAM

Hakim bin Hizam (R.A.) alikuwa sahaba na mfanyabiashara mkubwa wa Makka. Imepokewa kwamba alipokuwa akimpa mtu mali ya kufanyia biashara kwa kugawana faida, alikuwa akimwekea sharti: mali yake isitumike kununua mnyama aliye hai, isipitishwe baharini, wala msafiri asilale nayo katika bonde linalopita maji ya mvua. Akivunja moja ya hayo, yeye ndiye mdhamini wa mali.

Tazama akili ya mzee huyu. Hakusema, "Nihakikishie faida." Hakusema, "Mali yangu irudi kwa vyovyote." Hayo angeyasema angebomoa mkataba. Alikaa akafikiri: mali inapotea kwa njia gani? Mnyama hufa. Bahari huzamisha. Bonde hufurika usiku watu wamelala. Akaifunga milango ile mitatu kabla mali haijatoka nyumbani. Nje ya hayo, likitokea la kutokea, hasara ni yake na alikuwa radhi.

Wewe unayempa mtu mali leo, fanya kama yeye. Mwambie: "Usipakie katika boti iliyojaa kupita kiasi. Usisafiri ziwani usiku. Usipakie mzigo wote katika chombo kimoja. Usiwauzie watu kwa deni bila kuniuliza. Usilale na pesa njiani." Haya ni masharti ya halali, na yanalinda mali kuliko ahadi tamu za mdomo.

4. NJIA ZA HALALI ZA KULINDA MALI

a) Mudharaba. Mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi. Faida inagawanywa kwa fungu linalojulikana: nusu kwa nusu, au theluthi kwa theluthi mbili. Haifai kutaja kiasi maalumu kama "dola 100 kila mwezi", maana huenda faida nzima isifike hapo. Ikitokea hasara bila kosa la mfanyakazi, mwenye mali anapoteza mali, na mfanyakazi anapoteza jasho lake. Kila mmoja amepoteza alichokileta. Mfanyakazi halipi isipokuwa amevunja sharti, amefanya hiana, au amezembea.

b) Sharika. Wote wawili wanatoa mali. Hasara inafuata mitaji yao. Mwenye kutoa dola 300 katika 900 anabeba theluthi moja. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, faida nayo inafuata mtaji vile vile.

c) Kuandika na mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika deni. Fikiri: aya ndefu kuliko zote imezungumza juu ya karatasi na mashahidi! Basi usione haya kutoa kaye na kalamu mbele ya ndugu yako. Andika tarehe, kiasi, pesa ya namna gani, muda na masharti. Watie sahihi ninyi na mashahidi. Anayesema "sisi ni ndugu, tusiandikiane" ndiye atakayepoteza undugu.

d) Rehani na mdhamini. Anayekopesha ana haki ya kuomba rehani. Mtume wetu (S.A.W.) alifariki deraya yake ikiwa imewekwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa ajili ya shayiri ya chakula cha nyumbani. Ikiwa Mtume hakuona aibu kutoa rehani, wewe ni nani? Lakini mwenye kushika rehani asijifanyie faida kwayo. Ukishika hati ya parseli ya mtu kwa deni, kisha ukahamia humo na kukaa bure mpaka alipe, umegeuza rehani kuwa riba.

e) Hiari ya kurudisha. Sahaba Hibban bin Munqidh (R.A.) alikuwa akidanganywa sana sokoni. Mtume (S.A.W.) akamfundisha aseme wakati wa kununua kwamba hakuna kudanganyana, na akapewa hiari ya siku tatu. Ukinunua jenereta au pikipiki iliyotumika, omba siku hizo tatu uijaribu, na liandikwe. Na kitu chenye kasoro iliyofichwa kinarudishwa hata kama hamkuandikiana.

f) Salam. Watu wa Madina walikuwa wakilipana mapema kwa tende za mwaka mmoja, miwili au mitatu. Mtume (S.A.W.) hakuwakataza, aliwaamuru kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Hivyo mfanyabiashara anaweza kumlipa leo mkulima wa Masisi kwa maharagwe ya msimu ujao. Mkulima anapata mbegu bila riba, na mnunuzi anapata bei nzuri. Lakini pesa yote ilipwe pale pale mnapopatana. Zitajwe aina, kilo, mwezi na mahali pa kupokelea. Wala msiseme "maharagwe ya shamba hili tu", maana shamba moja linaweza kupigwa na mvua ya mawe, na hapo gharar imerudi.

g) Dola na franka. Hapa wengi tunateleza. Deni la dola ni dola, deni la franka ni franka. Ukimkopesha mtu franka, nazo zikashuka thamani, huwezi kudai zaidi ya hesabu uliyotoa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliamua hivyo mwaka 1988. Kwa hiyo anayeogopa kushuka kwa franka akopeshe dola tangu mwanzo, waelewane hivyo na waandike. Na mdaiwa wa dola akiwa hana ila franka? Imepokewa kwamba Abdallah bin Umar (R.A.) alikuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu, naye akaruhusiwa kwa bei ya siku ile ile ya kulipana, wasiachane baina yao kukiwa kimebaki kitu. Basi mlipane franka kwa bei ya kambisti ya siku ya kulipa, sio ya siku ya kukopa. Na ubadilishaji wenyewe ni mkono kwa mkono. "Nipe dola leo, franka nitakuletea Jumatatu" haifai.

h) Kusaidiana. Kabila la Ash'ari lilipopungukiwa chakula safarini au mjini Madina, walikusanya walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa sawa. Mtume (S.A.W.) aliwasifu sana kwa hilo. Hapa ndipo wanazuoni walipochukua mfano wa bima ya kusaidiana iitwayo takaful, ambayo ilianzia Sudan mwaka 1979. Mwaka 1985 Baraza lile lile la Fiqhi lilikataza bima ya kibiashara, likaruhusu ile ya kusaidiana.

Likelemba yetu, ambayo kila mmoja anapokea zamu yake kwa kiasi kile kile alichotoa, wanazuoni wengi wameiruhusu, maana ni mkopo usio na nyongeza. Lakini likelemba si kinga ya msiba. Kwa msiba tunahitaji sanduku lingine. Wauzaji 20 wakitoa kila mmoja dola 5 kwa mwezi, baada ya mwaka sanduku lina dola 1.200. Pesa hiyo ni mchango wa moyo: aliyetoa haidai irudi. Iandikwe mapema ni misiba gani inasaidiwa: moto, kuzama kwa mzigo, wizi wa kuvunja duka. Ishikwe na watu wawili waaminifu, hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi, na isikopeshwe kwa riba hata siku moja. Ndugu wengi wasingekwenda kugonga mlango wa mla riba kama sanduku hili lingekuwa mtaani kwao.

5. TURUDI KWA MAMA NA KIJANA

Sasa waweza kuona. Kijana aliposema "dola 100 kila mwezi, na mali yako haitapotea", hakufanya mudharaba. Mkataba ambao mtaji umedhaminiwa na nyongeza imetajwa ni mkopo wa riba, hata kama wote wawili waliuita biashara na nia zao zilikuwa nzuri. Kwa hiyo "qadari ya Mungu" haimwondolei kijana deni, maana aliidhamini mali mwenyewe. Na mama hana haki ya dola 100 za mwezi wa tano, wala za mwezi mwingine wowote. Haki yake ni mtaji wake peke yake. Zile 400 alizokwisha kupokea, wako wanazuoni wanaosema zihesabiwe ndani ya mtaji, zibaki 600. Jambo hili walipeleke kwa mwenye elimu, awasikilize wote wawili, maana neno moja walilosema siku ile linaweza kubadili hukumu.

Na kijana akiwa hana kitu, mama asimpeleke mbio. Mwenyezi Mungu ameamuru mwenye dhiki angojwe mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini kijana naye akipata, asicheleweshe: mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma, ndivyo alivyofundisha Mtume (S.A.W.).

Je, wangefanyaje tangu mwanzo? Mama angesema: "Chukua dola 1.000, faida nusu kwa nusu. Usipakie zaidi ya nusu ya mzigo katika boti moja, wala usisafiri usiku." Wangeandika katika kaye, mashahidi wawili. Mwezi mzuri mama angepata zaidi ya 100, mwezi mbaya angepata kidogo au asipate. Na upepo ulipokuja, nusu ya mzigo ingekuwa bado bandarini. Nusu iliyozama ingekuwa hasara ya mama, naye angejua hivyo tangu siku ya kwanza, na kijana angekwenda nyumbani kwake kumpa pole kama mtoto kwa mama yake.

Upepo ni ule ule na ziwa ni lile lile. Maneno ya siku pesa zilipotolewa ndiyo yaliyotofautiana.

6. MAMBO YA KUFANYA KABLA YA IJUMAA IJAYO

Kwanza, fungua kaye yako. Deni lolote ambalo halijaandikwa, liandike wiki hii, unalodai na unalodaiwa. Mauti hayatumi barua, na watoto wako wasije wakarithi ugomvi.

Pili, kama una mali mkononi mwa mtu au una mali ya mtu, kaeni mulizane: "Hasara ikitokea, ni ya nani?" Mkiona majibu yenu hayafanani, tengenezeni mkataba sasa, kabla ya hasara.

Tatu, kama umekopa au umekopesha kwa riba, tubu, acha nyongeza, uchukue mtaji wako tu.

Nne, usiweke mali yako yote mahali pamoja, wala kwa mtu mmoja, wala katika chombo kimoja.

Tano, zungumza na wenzako wa sokoni juu ya sanduku la kusaidiana. Watu watano wanatosha kuanza.

Ukishafanya hayo, lala usingizi. Umeshamfunga ngamia, aliyebaki ni Mwenye ngamia na mwenye wewe.

Ee Mola wetu, tupe riziki ya halali, utubarikie katika kidogo tulichonacho, uwalinde wasafiri wetu wa ziwani na wa barabarani, uwalipe kheri waliopoteza mali zao wakasubiri, na uzipatanishe nyoyo za ndugu waliogombana kwa ajili ya mali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitupe chini. Ina majina matukufu. Mpe jirani ambaye hakufika msikitini.